Sabuni ya Mama na Mzigo Usio na Kamba

Mwaka ambao sabuni ya mama iliwaunguza mikono akina mama wa kanisani, kaka yangu mkubwa alisafiri kutoka Dar es Salaam kuja kumchukua. Hakusema anakuja kumchukua. Alisema anakuja tukae kikao, na katika familia yetu kikao ni jina la heshima la jambo ambalo mtu ameshaliamua peke yake akiwa bafuni.

Mama anaishi Mtendeni, hapa Tabora, katika nyumba aliyoachiwa na baba. Mimi ni kitinda mimba wake, nafundisha kemia sekondari, na nyumba yangu iko Ipuli, karibu kiasi kwamba naweza kuitwa kuja kuonja mboga. Tangu nipate akili nimemkuta akipika sabuni uani. Mafuta ya mise humjia kwa treni. Binamu yake wa Kaliua humpakilia dumu. Kwa asiyejua, mise ni mafuta ya kokwa ya mchikichi, si yale mekundu ya mawese yanayotoka kwenye nyama ya tunda. Mama huyapasha moto, huyamwagia maji ya kostiki, ile soda kali inayounguza, kisha hukoroga kwa mwiko mrefu mpaka yawe mazito kama uji wa mgonjwa. Humwaga uji huo kwenye kasha la mbao, huuacha ugande, huukata kwa waya, na vipande hukaa juu ya kabati majuma kadhaa vikipoa hasira.

Mizani hana. Ana bakuli la bluu lenye ufa kwa ajili ya mafuta, na kikombe cha bati kwa ajili ya kostiki. Kikombe hicho hakuna mtu mwingine anayeruhusiwa kukigusa, kwa sababu kostiki, kwa maneno yake, ni shetani aliyekaushwa.

Kila sikukuu ya mavuno wenzake hupeleka kanisani kuku, karanga na viazi. Yeye hupeleka sabuni kwa wale wanaofua vitambaa vya madhabahu. Mungu, husema mama, ana kuku wa kutosha.

Mwaka huo, siku chache baada ya sikukuu, mwenyekiti wa akina mama alibisha hodi nikiwepo. Alikuwa amefunika mikono kwa khanga.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Mikono imefanya nini?"

"Imefua, mama. Hakuna kingine ilichofanya."

Akaifunua. Ilikuwa myekundu na imechubuka kati ya vidole. Mama alimkalisha, akamwosha kwa maji mengi ya baridi, akampaka asali. Kisha alichukua kipande cha sabuni juu ya kabati, akakigeuza. Kilikuwa kinatoa jasho la mafuta, kikiteleza kama kambale. Alikigusa kwa ncha ya ulimi, akatema uani, akanawa mdomo. Hakusema neno. Mama kutosema neno ni jambo ambalo huku kwetu huweza kuwatoa watu majumbani kuja kuangalia.

Habari ilifika Dar es Salaam kabla treni haijafika Dodoma. Kaka alinipigia simu.

"Mama amesahau kipimo," alisema. "Umri umeanza kumla. Umesahau alivyoniita jina la dada yetu?"

"Kaka, mama hajawahi kumwita mtu jina lake mara ya kwanza. Hupitia watoto wote, anapitia na mbuzi, ndipo anakufikia."

"Na anaongea na sufuria."

Hilo sikuweza kulibisha.

Sikuogopeshwa na kaka. Niliogopeshwa na mama mwenyewe. Jioni hiyo nilimkuta chumbani akikunja vitenge vyake na kuvipanga kwenye begi lile la safari za mazishi. "Labda ni kweli," aliniambia bila kunitazama. "Mtu hajui anaposahau. Angejua, asingesahau." Mwanamke ambaye maisha yake yote hakuwahi kukubali kosa hata la kuzidisha chumvi, sasa alikuwa anakubali kuondolewa nyumbani kwake kwa sababu ya kipande cha sabuni.

Kaka alifika na mkewe, wifi yangu, ambaye ni Mzaramo. Hapa wageni huhitaji maelezo kidogo. Wanyamwezi na Wazaramo ni watani tangu enzi za misafara. Babu zetu walitoka huku na pembe na nta mabegani, wakafika pwani wamechoka na wana njaa. Babu zao walikuwa wamekaa pale wakiwatazama. Tangu hapo wao hutucheka sisi kwa kubeba, sisi huwacheka wao kwa kukaa, na hakuna anayeruhusiwa kununa. Mkwe wa kawaida humwinamia mama mkwe. Mkwe ambaye ni mtani huinama kwanza, kisha humtukana.

Wifi alipiga goti mlangoni. "Shikamoo mama. Nasikia umeanza kuwachuna Wanyamwezi ngozi. Si ungetusubiri tukusaidie kuchagua wa kuanzia?"

"Marahaba. Ninyi Wazaramo nawaweka mwisho. Ngozi zenu laini, hazijawahi kufanya kazi."

Ilikuwa mara ya kwanza kumwona mama akitabasamu tangu ile mikono.

Kikao kilifanyika sebuleni, juu ya makochi yenye vitambaa alivyofuma mwenyewe. Nilikuwa nimetengeneza jagi la juisi ya rozela kwa ajili ya wageni. Kaka alizungumza kiofisi: usalama wa mama, hatari ya kostiki, majirani watakavyosema akimwunguza mtoto wa mtu. Alikuwa ameandaa chumba kwake, alisema, chenye feni na choo cha ndani.

"Choo cha ndani," mama alirudia. "Yaani nilale na choo."

"Ni kisasa, mama."

"Sijakataa. Nauliza tu nani kati yetu ataamka wa kwanza."

Wifi alicheka. Kaka hakucheka. Mama naye aliacha kucheka, akatazama mikono yake, na nikaona kwamba utani ule ulikuwa wa mtu anayeaga.

Mwalimu wa kemia ana ugonjwa mmoja: akikosa la kusema, hufanya jaribio. Niliomba ruhusa, nikachukua glasi mbili za rozela. Ule wekundu wa rozela ni kitu cha mmea kama mafuta yalivyo cha mmea, lakini hauna undugu na mafuta. Wenyewe hupenda maji, huyeyuka ndani yake, na una tabia ya kubadilika rangi kulingana na mgeni anayeingia. Ukiutia ndimu, unang'aa wekundu. Ukiutia kitu cha jamii ya magadi, unageuka.

Kwenye glasi ya kwanza nilitia maji ya kipande cha sabuni ya mwaka uliopita. Rozela ikawa na rangi ya kijivu yenye ubuluu, polepole, bila ghadhabu. Sabuni yoyote ya kupikwa ina magadi kidogo. Kwenye ya pili nilitia maji ya sabuni mpya. Iligeuka kijani papo hapo, kisha ikaanza kuwa njano.

"Maana yake?" kaka aliuliza.

"Kuna kostiki iliyobaki ndani. Haikupata kazi, ikaamua kufanya kazi kwenye mikono ya watu."

"Basi ndiyo hivyo. Amezidisha. Amesahau."

Nilikuwa nimetafuta ushahidi wa kumtetea mama, nikauleta mezani, nao ukaenda kukaa upande wa kaka. Wifi alinitazama kama mtu anayemtazama wakili wake akisinzia mahakamani.

"Kikombe ni kilekile," mama alisema kwa sauti ndogo. "Bakuli lilelile."

Nikamwomba atuonyeshe. Alivaa glavu zake, akapima mbele yetu kama anavyopima siku zote: bakuli la bluu mpaka chini ya ufa, kikombe cha bati mpaka kwenye ule mbonyeo uliotokana na kumpiga nacho paka. Mikono haikusita. Nimemwona akipima hivyo tangu sijaanza shule, na kipimo kilikuwa kilekile, bila kupungua wala kuzidi.

Sasa nifuate taratibu, msomaji, maana hapa ndipo penye utamu. Kama kostiki haikuzidi, na bado imebaki, basi bila shaka yale mafuta hayakuichukua yote. Na mafuta yalijaa bakuli kama kawaida. Kwa hiyo sehemu ya kile kilichojaza bakuli haikuwa kitu ambacho kostiki inaweza kukila.

Nilikwenda jikoni kulichungulia dumu alilochotea. Ulikuwa mwezi wa saba, na asubuhi za Tabora mwezi wa saba humfanya mtu akumbuke dhambi zake. Katika baridi hiyo mise huganda ikawa nyeupe, unaichota kwa kijiko. Hii ilikuwa majimaji, inayumba dumuni kama uji uliochacha.

"Mama," niliita, "mbona mise haijaganda?"

"Si nimeichanganya na yale ya kaka yako."

Nikarudi sebuleni. Wakati wa Pasaka kaka alikuwa amemletea mama dumu la mafuta meupe kama maji. Mimi niliyaona nikadhani ni ya alizeti iliyosafishwa sana.

"Kaka, yale mafuta yalikuwa ya nini?"

"Mafuta safi kabisa," alisema, akakaa vizuri. "Rafiki yangu ana karakana ya mafuta ya nywele na ya watoto. Yake ni ya daraja la juu. Hayana harufu, hayana rangi, hata uyaweke mwaka hayaharibiki."

"Kitu kinachokataa hata kuharibika, ukitilie mashaka," nilisema.

"Mafuta ni mafuta," alisema kaka.

Mama alishusha pumzi. Nilimuuliza kwa nini aliyachanganya badala ya kuyapikia. Alimtazama kaka, akanitazama mimi, akatazama dari. Alikuwa ameficha jambo, na si kwa kusahau; ilikuwa adabu. Zawadi ya mtoto huikatai wala huisemi vibaya, hasa mbele ya mkewe.

"Niliyakaangia maandazi," alisema hatimaye. "Nikawagawia na majirani."

"Halafu?"

"Halafu mtaa mzima ukawa na foleni. Ungetaka niseme? Niseme mafuta ya mwanangu yamenikimbiza chooni mpaka nikapoteza kandambili?"

Wifi alishika tumbo. "Kumbe ndiyo maana kakuandalia chumba chenye choo cha ndani," alisema, na hapo hata kaka alilazimika kuficha uso nyuma ya glasi ya rozela.

Kwa hiyo mama aliamua kwamba mafuta yasiyolika yatafaa kwa sabuni, akayamimina kwenye dumu la mise ili yasipotee. Nani angefikiri vingine? Lakini tumbo lake lilikuwa limeshatoa jibu la kemia, sisi tu hatukulisikiliza. Nikawapeleka wote uani, nikawasha jiko, nikaweka visufuria viwili: kimoja na mise safi iliyobaki kwenye chupa, kingine na mafuta ya kaka yaliyobaki kitakoni mwa dumu lake. Kila kimoja nikakipa maji ya kostiki, nikamkabidhi kaka mwiko.

Wakati anakoroga niliwaeleza kama ninavyowaeleza wanafunzi wangu, na kwa kuwa tuko Tabora, hueleza kwa mfano wa wapagazi, wale wabeba mizigo wa misafara.

Chukua mafuta ya mise, au karanga, au alizeti, nilisema. Ukiyaangalia kwa jicho la kemia, kila chembe yake ni mpagazi mmoja mfupi aliyefungwa mizigo mitatu mirefu. Mpagazi anaitwa gliserini. Mizigo ni asidi za mafuta. Kila mzigo umefungwa kwa kamba. Kostiki kazi yake ni moja tu, kukata kamba. Ikishakata, kila mzigo unashikana na sodiamu iliyotoka kwenye kostiki, na hiyo ndiyo sabuni. Mpagazi anabaki huru, anazurura ndani ya sabuni hiyohiyo, na yeye ndiye anayeifanya isikaushe ngozi.

"Mnyamwezi ametua mzigo," wifi alisema. "Mara ya kwanza katika historia."

"Na Mzaramo yuko wapi hapo?" mama aliuliza.

"Mzaramo ndiye sabuni, mama. Tunawaosha."

Basi, niliendelea, tazama sasa mchaichai ambao mama hutia kwa ajili ya harufu. Nao tunauita mafuta, lakini si mpagazi wala mzigo. Ni mtembezi mdogo, mwepesi, asiyebeba kitu. Ukidondosha tone lake kwenye karatasi, baada ya muda karatasi inabaki safi. Ameondoka zake hewani. Tone la mise linaacha doa la kudumu, maana mwenye mizigo haruki. Ndiyo sababu mama hutia mchaichai mwishoni, sabuni ikishapoa. Akiutia kwenye moto, ananukisha mtaa na sabuni inabaki hainukii.

"Na nta?" mama aliuliza. Baba alikuwa mrina asali, na mama hadi leo hutia kipande cha nta ili sabuni iwe ngumu. Nilifurahi alivyouliza, kwa sababu hakuuliza kama mtu aliyekwisha kufunga begi.

Nta haina mpagazi wa mizigo mitatu, nilimwambia. Sehemu yake kubwa ni magogo mawili marefu yaliyofungwa kichwa kwa kichwa kwa kamba moja. Kostiki ikifanikiwa kuikata, gogo moja linakuwa sabuni, lingine linabaki gogo. Na humo kuna vijiti vingine visivyofungwa kabisa. Ndiyo maana kidogo kinakaza sabuni, na kingi kinaiharibu. Nyuki hakuitengeneza nta ili ioshe shati. Aliitengeneza iyakatalie maji kuingia nyumbani.

"Sasa mafuta yangu," kaka alisema. Jasho lilikuwa linamtoka, na kisufuria chake cha kwanza kilikuwa kimeanza kuwa kizito.

"Yako hayakutoka kwenye mmea, kaka, wala kwa mnyama. Yametoka kwenye mafuta ya ardhini, yaleyale yanayotoa petroli, yakasafishwa mpaka yakapendeza. Ni fito ndefu tupu. Hakuna mpagazi, hakuna kamba. Kostiki inapita na kisu chake inatafuta pa kukata, haioni. Na tumbo la binadamu nalo hukata kamba hizohizo. Likikosa kamba, linasema: pita."

Nilimimina maji ya moto kwenye visufuria vyote viwili, nikakoroga. Cha kwanza kilitoa povu mpaka likamwagika kwenye makaa. Cha pili kilitulia, na juu ya maji mafuta ya kaka yakarudi kuelea, meupe, yanang'aa, hayakuguswa na lolote, kama mgeni aliyekuja kwenye harusi akakataa hata maji.

Hakuna aliyehitaji kueleza zaidi. Mama alikuwa amepima kostiki ya bakuli zima, na nusu ya bakuli haikuwa na kamba. Kostiki ya nusu hiyo ndiyo iliyobaki na kisu mkononi.

Kaka aliweka mwiko chini. Ni mtu mzuri, nisije nikaeleweka vibaya. Alileta mafuta yale kwa upendo na alikuja kumchukua mama kwa upendo. Shida ya upendo wake ni kwamba haulizi maswali. Alikaa kwenye kigoda kando ya mama.

"Nilidhani unasahau, mama."

"Na mimi," mama alisema. "Nilikuwa nimeshakubali. Nilimwambia hata jirani amlishe paka."

Hapo wifi, ambaye tangu asubuhi hakuwa amefunga mdomo, alinyanyuka. Akaondoka, akaingia chumbani, na tulipomfuata tulimkuta anatoa vitenge kwenye begi, kimoja kimoja, akivirudisha kabatini na kuvitukana kwa ushamba wa rangi zake.

"Lakini bado anaongea na sufuria," kaka alijaribu.

"Sufuria hunijibu," mama alisema. "Wewe nikipiga simu unasema uko kwenye kikao."

Sabuni mbovu haikutupwa. Kostiki iliyokosa kazi inaweza kupewa kazi: unaparua vipande, unavirudisha motoni na maji, unaongeza mise ya kweli kidogo kidogo mpaka rozela iache kukasirika. Binamu wa Kaliua alipakia dumu jipya kwenye treni, na kaka akaahirisha safari ili akoroge, akiwa amevaa aproni ya mama yenye maua. Mafuta yake, yasiyo na kamba, yalibaki yakielea juu. Tuliyaengua kwa upawa, na machache yaliyogoma kutoka tuliyasamehe. Mwenyekiti wa akina mama alipelekewa fungu la kwanza na kaka mwenyewe. Aliambiwa anawe mbele yake, naye akanawa, akamtazama kwa muda mrefu, akasema, "Ahsante, baba. Na maandazi yenu pia yalikuwa matamu."

Yale mafuta mengine hayakupotea. Mama aliyapaka kwenye bawaba za lango, ambazo zilikuwa zinalia tangu baba yuko hai. Hayakauki, hayanuki, hayaharibiki. Kwa bawaba, kaka alikuwa sahihi, ni daraja la juu. Tatizo ni kwamba sasa lango halitoi sauti. Naingia bila mama kujua, nafika mpaka mlango wa jikoni, na ninamkuta ameinama juu ya sufuria, mwiko mkononi, akiiambia kwamba leo hataki kusikia ujinga.